Mstari Namba 318

Jumanne, saa kumi na dakika tano alasiri, mshonaji wa nguo mwenye miaka thelathini na minane alifariki kwenye kitanda namba sita cha wodi ya wanawake, dakika ishirini na tano baada ya kuchomwa sindano ya penisilini. Alikuwa amefika hospitali kwa miguu yake mwenyewe. Siku nne kabla, sindano ya cherehani ilikuwa imemtoboa kidole. Kidole kikavimba, mkono ukafuata, homa ikapanda. Hakuna mtu katika familia yake aliyewaza kwamba mtu anaweza kufa kwa kidole.

Mdogo wake, mwalimu wa chekechea, alikuwa ametoka kwenda kuchukua shuka na sabuni nyumbani. Aliporudi alikuta pazia limevutwa kuzunguka kitanda, na muuguzi, mwanamume wa makamo, ameketi sakafuni huku glovu zingali mikononi.

"Mmempa nini dada yangu?"

"Penisilini."

"Penisilini?" Mfuko wa sabuni ulimponyoka. "Lakini alisema! Asubuhi, pale dirishani, mimi nimesimama naye bega kwa bega. Alisema penisilini inamvimbisha koo. Karani akaandika, nilimwona akiandika!"

Muuguzi aliinuka taratibu, akaigeuza kompyuta ya wodini ili naye aone. Chini ya jina la marehemu na umri wake palikuwa na kisanduku kidogo chenye maneno mawili. Mzio: hakuna.

*

Jalada lilifunguliwa kituoni Jumatano saa nne asubuhi, likapewa Inspekta mmoja, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mfupi, mpole, ambaye vijana wa kituo walimwita Mama Tena. Jina hilo lilitokana na mazoea yake. Hakuna shahidi aliyewahi kumweleza jambo mara moja akaachiwa aende zake. "Nieleze tena," angesema, na mara ya tatu ndipo angeanza kuandika.

Saa tano kamili alikuwa ofisini kwa mganga mkuu wa hospitali.

"Afande, hili halina haja ya kuchimbwa sana," mganga mkuu alisema. "Mgonjwa alisema ana mzio, karani hakujaza. Uzembe. Nimeshamsimamisha kazi. Jumatatu tuna wageni, wanakuja kuuona mfumo wetu wa kompyuta ili usambazwe hospitali nyingine zote. Ningeomba jambo hili liwe limekwisha."

"Limekwisha kwa nani?" Inspekta aliuliza.

Mganga mkuu alinyanyua simu. Alimwita aliyeutengeneza mfumo huo.

Hospitali nzima ilimwita Mtaalamu. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, shati limepigwa pasi likakaa sawasawa, sauti ya chini ya mtu asiyewahi kugombana. Aliandika mfumo ule kwa mikono yake kwa miaka minne, na sasa ulikuwa na miezi kumi tangu uanze kazi. Kabla yake wagonjwa walipotelewa na faili kila siku. Wauguzi walimpenda. Akina mama wa usafi walimpenda zaidi, maana yeye ndiye mkubwa pekee aliyewasalimia wote asubuhi.

Aliweka mezani karatasi alizochapisha: orodha ya mizio yote iliyowahi kuandikwa, kila mstari na namba yake, saa yake na namba ya mgonjwa wake.

"Mfumo unahifadhi kila kitu kinachoandikwa," alisema. "Huyu mama alisajiliwa, hapa, mgonjwa namba 20446. Mzio haukuandikwa." Akavuta pumzi. "Niseme kwa uchungu, afande. Karani huyo ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja. Mimi ndiye niliyemwombea kazi hii. Lakini kompyuta haina undugu."

Inspekta alizikunja karatasi zile, akazitia mkobani.

*

Alhamisi, saa tatu asubuhi, karani aliketi mbele ya Inspekta kituoni. Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, macho mekundu, nywele zimefungwa ovyo.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mwanangu. Nieleze."

"Nilimwandika jina, umri, mtaa, namba ya simu. Nikamwuliza kama kuna dawa inayomdhuru. Akasema penisilini, iliwahi kumlaza kitandani akiwa mtoto. Nikaandika penisilini. Nikabonyeza Hifadhi. Nikampa kikaratasi cha namba."

"Nieleze tena. Ulibonyeza Hifadhi, kisha?"

"Kisha ukurasa ukaganda. Nilisubiri kama mtu anavyohesabu mpaka kumi. Halafu ikaja alama ya kijani, Imehifadhiwa."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili na dakika kumi na saba asubuhi. Saa huchapwa kwenye kikaratasi."

"Huganda kila mara?"

"Hapana. Ni asubuhi tu, kuanzia saa mbili mpaka kama saa mbili na nusu. Mjomba alituambia tusihangaike, huo ndio muda mfumo unapojinakili."

"Mganga mkuu anasema unapenda simu kazini."

Binti alicheka bila furaha. "Simu yangu ina wiki mbili iko kwa fundi, kioo kimevunjika. Muulizeni fundi."

Inspekta aliandika. "Na mjomba wako anasemaje?"

Hapo binti alianza kuchezea ukingo wa meza. "Jana jioni alikuja nyumbani. Alimwambia mama kwamba nikikiri nilisahau, watanihurumia. Mama akaniambia, 'Mwanangu, kiri tu, mjomba wako anajua mambo hayo.' Nimekesha nikijiuliza. Labda kweli nilisahau? Labda vidole viliandika na kumbe havikuandika? Afande, mtu anaweza kukumbuka jambo ambalo hakulifanya?"

"Anaweza," Inspekta alisema. "Ndiyo maana nawauliza na wengine."

*

Muuguzi alikutwa saa sita mchana katika chumba cha kubadilishia nguo. Hakujitetea.

"Niliangalia kompyuta, ikaniambia hakuna mzio. Nikamwuliza na yeye mwenyewe."

"Akasemaje?"

"Homa ilikuwa imemzidi. Nilimwuliza kuhusu dawa, akanijibu kuhusu vifungo. Alisema vile vya bluu visishonwe mpaka mteja aje kupima." Alifuta uso kwa kiganja. "Ningemsubiri mdogo wake, afande. Robo saa tu. Nina miaka ishirini na mbili kazini na sikuweza kusubiri robo saa."

Inspekta alimwacha apumue. Alikuwa amekuja akimshuku mtu huyu kuliko wote, kwani mkono uliochoma sindano ulikuwa wake. Lakini mwenye kuficha kitu hajilaumu kwa wepesi namna ile.

"Mfumo ukionyesha kwamba mtu ana mzio, mnafanya nini?"

"Mashine inachapa mkanda mwekundu wa plastiki, una namba yake na jina la dawa. Tunamfunga kwenye kifundo cha mkono, hata akizimia, atakayemshika ataona."

"Jumanne mliwafunga wangapi?"

"Mimi nilimfunga mmoja tu, asubuhi nilipokuwa chumba cha vidonda. Mwanamume, fundi baiskeli, ana kidonda cha mguu. Yaani yule alinisema! Eti ameshachomwa penisilini mara tatu maishani na hajawahi hata kupiga chafya. Nikamwambia, baba, kompyuta inasema una mzio, mimi siwezi kubishana nayo. Nikampa vidonge vya aina nyingine."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. "Nieleze tena. Siku gani?"

"Jumanne. Saa tatu asubuhi."

Inspekta alizitoa zile karatasi mkobani, akazifungua juu ya benchi. Mstari namba 317 uliandikwa Jumatatu saa tisa alasiri. Uliofuata uliandikwa Jumatano saa tatu na nusu asubuhi. Kwa siku nzima ya Jumanne orodha haikuwa na mzio hata mmoja. Na ule mstari wa Jumatano haukuwa 318. Ulikuwa 319.

*

Karakana ya baiskeli ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana, magurudumu yananing'inia darini kama nyungo. Fundi mwenyewe alikuwa amenyoosha mguu wenye bendeji juu ya kigoda, akinyoosha spoki. Saa ilikuwa tisa alasiri.

"Mkanda? Niliukata nilipofika tu nyumbani. Lakini sikuutupa. Plastiki ngumu vile, utaitupaje?" Alinyoosha mkono kwenye rafu, akateremsha kifurushi cha spoki mpya. Kilikuwa kimefungwa kwa mkanda mwekundu.

Inspekta aliufungua polepole, akausoma mara mbili. Jumanne. Mgonjwa namba 20447. PENISILINI.

"Ulipojiandikisha, karani alikuuliza kuhusu dawa?"

"Aliniuliza. Nikamwambia mimi nakula hata misumari. Akacheka. Nilikuwa dirisha la pili, yule mama mnene."

"Kikaratasi chako cha namba unacho?"

Alikuwa nacho, kimejaa grisi. Saa mbili na dakika kumi na saba asubuhi. Inspekta alikumbuka kwamba pale pale, dirisha la kwanza, dakika ile ile, mshonaji alikuwa akisema habari za koo lake.

"Huyo mwenye mzio wa kweli yuko wapi?" fundi aliuliza. "Maana kama mimi nimepewa wake, basi yeye..."

Aliliona jibu usoni kwa Inspekta, akaiweka spoki chini.

*

Saa kumi na moja jioni Inspekta alirudi kwa Mtaalamu, akaketi, akauliza kwa upole mambo mawili. Habari za mkanda hakumwambia.

"Namba 318 imekwenda wapi?"

"Ah, hiyo ni kawaida," Mtaalamu alisema. "Namba hizi mfumo unazitoa wenyewe. Mtu akianza kuhifadhi, namba imeshatolewa. Mtandao ukikatika katikati, namba hiyo imepotea, hairudi. Utakuta mapengo mengi."

"Nani anaweza kufuta mstari?"

Alisita kidogo tu. "Kufuta, ni mimi peke yangu mwenye neno la siri. Lakini nifute kwa nini?"

"Nauliza tu," alisema Inspekta, akaaga.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, alishuka kwa mtunza kumbukumbu, bibi aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, ambaye kila siku alipokea nakala ya mfumo na kuifungia kwenye kabati la chuma. Nakala ya Jumatano ilichukuliwa saa mbili asubuhi.

"Zote zipo?"

"Zipo, hakuna inayotoka. Jana Mtaalamu alikuja mwenyewe anataka ya Jumatano, eti aikague. Nikamwambia leta sahihi ya mganga mkuu. Akasema ataleta. Hajaleta." Bibi alipandisha miwani. "Mimi bila sahihi sitoi hata kwa malaika mtoa roho, na yeye anajua."

Inspekta alitoa barua ya mahakama. Bibi aliisoma yote, mpaka anwani, kisha akatoa ufunguo.

*

Kulikuwa na mtu mmoja zaidi. Karani alikuwa amemtaja: mwanamke aliyekuwa msaidizi wa Mtaalamu, aliyeondoka miezi miwili nyuma bila kuagwa. Sasa alifundisha kompyuta sekondari. Inspekta alimkuta saa sita, wanafunzi wametoka, chumba kina joto la mashine ishirini.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunika mdomo kwa mkono.

"Saa mbili na dakika kumi na saba," alisema. "Wakati wa kunakili. Mungu wangu, nilimwandikia Mtaalamu barua."

"Nieleze kama unavyowaeleza wanafunzi wako."

Mwalimu alichukua chaki. "Mfumo una madaftari mawili. Daftari la wagonjwa, na daftari la mizio. Ukimwandika mgonjwa, daftari lenyewe linampa namba, wewe huichagui. Ukitaka kuandika mzio wake kwenye daftari la pili, lazima uandike pembeni ni wa mgonjwa namba ngapi. Kwa hiyo mfumo unahitaji kujua ile namba iliyotolewa sasa hivi. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja."

"Sasa, kuna njia sahihi. Unaliambia daftari, mwandike mtu huyu, na hapo hapo unijibu umempa namba gani. Hata wakija watu mia, kila mmoja anajibiwa namba yake. Mtaalamu hakufanya hivyo. Mfumo wake humwandika mgonjwa, halafu unachungulia daftari na kuuliza, namba kubwa kuliko zote ni ipi? Unaichukua hiyo."

"Na mara nyingi namba kubwa ndiyo ya huyo mgonjwa."

"Mara nyingi sana. Ni mpaka mtu wa dirisha la pili aandikwe katikati, baada ya wa kwanza kuandikwa na kabla mfumo haujachungulia. Kwa kawaida nafasi hiyo ni ndogo kuliko kupepesa jicho. Lakini mfumo unapojinakili, kila kitu kinajikokota. Nafasi inakuwa sekunde nzima, mbili, tano."

Inspekta aliitazama ile chaki. "Mshonaji akapewa 20446. Fundi baiskeli akaandikwa, akapewa 20447. Ndipo mfumo ukachungulia kwa ajili ya mshonaji."

"Ukaona 20447. Penisilini yake ikaandikwa kwa fundi baiskeli. Karani akaona alama ya kijani. Na kweli ilikuwa imehifadhiwa."

Mwalimu alifungua mtoto wa meza, akatoa barua. Ilikuwa nakala ya aliyompelekea Mtaalamu miezi miwili kabla, ikieleza kosa hilo na mstari wa programu unaopaswa kubadilishwa. Pembeni, kwa mwandiko uliotulia, palikuwa na jibu: *Hili haliwezi kutokea. Tusitie watu hofu.*

*

Jumamosi, saa nne asubuhi, katika chumba cha mafunzo cha hospitali, kompyuta mbili zilikuwa zimewashwa kandokando. Mwalimu wa kompyuta alikuwa ameurudisha ndani yazo mfumo wa Jumatano, kama ulivyotoka kwenye kabati la chuma. Mganga mkuu alikaa mbele. Muuguzi alisimama karibu na mlango. Mtaalamu aliingia wa mwisho, akamwona msaidizi wake wa zamani, akakaa bila kusalimia mtu. Ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona akifanya hivyo.

"Tutaandika wagonjwa wa uongo," Inspekta alisema. "Karani, kaa dirisha lako la kwanza. Kila mgonjwa wako ana mzio wa penisilini. Mama wa dirisha la pili, wa kwako hawana mzio wowote. Mwalimu, anza kunakili. Mbonyeze kwa pamoja nikisema."

Walibonyeza. Ukurasa uliganda, kisha alama za kijani. Mwalimu alisoma: mzio umekwenda kwa mgonjwa wa dirisha la kwanza, sawasawa.

Mara ya pili, sawasawa. Ya tatu, sawasawa. Mara ya nne mganga mkuu alianza kuangalia saa yake.

"Afande," Mtaalamu alisema taratibu, "nadhani tumeona."

"Bado. Bonyezeni."

Ya tano. Ya sita. Mama wa dirisha la pili alinong'ona dua. Mara ya saba ukurasa uliganda muda mrefu zaidi, alama zikaja, mwalimu akasoma, akasoma tena.

"Dirisha la kwanza, mzio hakuna. Dirisha la pili, penisilini."

Kisha karani aliinamia meza, akaanza kulia kwa sauti, kama mtoto aliyepatikana baada ya kupotea.

Inspekta aliweka mezani ule mkanda mwekundu, na pembeni yake karatasi mbili. "Hii ya kulia ni orodha uliyonipa Jumatano saa tano, Mtaalamu. Namba 318 haimo. Hii ya kushoto imetoka kwenye nakala ya siku hiyo hiyo saa mbili. Imo. Namba 318, penisilini, Jumanne saa mbili na dakika kumi na saba, mgonjwa namba 20447. Uliniambia namba hupotea mtandao ukikatika. Ni kweli, mwalimu amenithibitishia. Ila namba iliyopotea hivyo haichapi mkanda. Mstari huu uliandikwa, ukakaa siku nzima, ukafutwa Jumatano kati ya saa mbili na saa tano. Mwenye neno la siri ni mmoja."

"Mjomba," karani alisema. Uso ulikuwa umelowa. "Ulijua?"

Mtaalamu alivua miwani. Bila miwani alionekana mzee.

"Jumatano asubuhi nilifungua ili nimtetee," alisema. "Naapa. Nilijua mpwa wangu si mzembe. Nikautafuta ule mstari, nikaukuta kwa mtu mwingine. Nikakumbuka barua." Aliinua macho kwa mwalimu, akayashusha. "Nilikaa pale saa nzima. Ningeuhamisha kwa marehemu, ingeonekana muuguzi aliuona na akapuuza, angefungwa bila kosa. Ningeuacha, mfumo ungezimwa siku ile ile. Miaka minne. Watu walikuwa wanakufa kwa faili kupotea, afande, mnasahau. Nikasema nitaurekebisha kimyakimya, wageni waje, mambo yaendelee. Nikabadilisha ule mstari wa programu, neno moja tu, dakika tano. Kisha nikaufuta wa 318."

"Dakika tano," mwalimu alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuomba dakika tano."

"Na karani?" Inspekta aliuliza.

"Nilidhani watamfukuza tu. Ningemtafutia kazi nyingine."

"Ulikuja nyumbani," karani alisema. "Ulikunywa chai ya mama. Ukaniambia nikiri kwamba nimemwua mtu."

"Sikusema kuua."

"Mimi ndivyo nilivyosikia, mjomba. Nimelala siku tatu nikijua nimemwua."

Muuguzi aliufungua mlango akatoka nje, wakamsikia akitembea upesi kwenye ukumbi, kisha hatua zikakoma.

Inspekta alisimama. "Kosa la programu ungelieleza ukasikilizwa. Watu hukosea. Lakini ulionywa kwa maandishi ukakataa, na mtu alipokufa ukaharibu ushahidi, ukamsukumia asiye na hatia. Twende kituoni."

Mtaalamu alivaa miwani, akanyanyuka. Alipopita karibu na mpwa wake alisimama kidogo, kama anayengoja kusalimiwa. Karani aliendelea kutazama skrini. Akapita.

*

Wageni wa Jumatatu walikuta fomu za karatasi madirishani na mfumo umezimwa. Mganga mkuu aliwaeleza sababu mwenyewe, amesimama, bila kumung'unya maneno. Hilo walau alilifanya vizuri.

Mwalimu wa chekechea aliambiwa na Inspekta nyumbani kwake. Alitaka kujua jambo moja tu, kama dada yake alipoteza fahamu mapema. Inspekta alimjibu ukweli, kwamba ilichukua dakika chache na zilikuwa ngumu.

Kisha ikabaki kazi ambayo hakuna mahakama iliyoiagiza. Mwalimu wa kompyuta aliomba ruhusa shuleni, akazipitia nakala zote za miezi kumi, akitafuta kila mahali ambapo wagonjwa wawili waliandikwa kwa sekunde ile ile na mzio ukaangukia wa pili. Alipata kumi na mmoja. Watu kumi na mmoja walikuwa wakitembea mjini, kila mmoja akiwa na dawa inayoweza kumwua, na hospitali haijui.

Karani aliomba awapigie yeye. Wa kwanza alipokea upesi. Wa tano alikuwa amehama, akapatikana kupitia kwa shemeji yake. Hadi Jumatano mchana walibaki wawili, na hadi saa nane alibaki mmoja, mtoto wa miaka miwili ambaye simu ya mama yake iliita bila kupokelewa. Karani alipiga mara nne. Alipiga mara ya tano.

"Haloo?"

"Mama, shikamoo, napiga kutoka hospitali, ni kuhusu mwanao. Mzima?"

"Mzima, yupo hapa anavuta pazia langu. Kuna nini?"

Karani alishika kalamu kwa nguvu. "Mlipomleta mwezi wa pili, mlituambia dawa ya salfa inamdhuru?"

"Tuliwaambia. Karani akaandika."

"Ndiyo, mama. Mlisema, na iliandikwa, lakini ikaenda kwa mtu mwingine. Kosa ni letu. Nakuomba unisomee jina lake lote taratibu, nami nitakusomea ninachoandika, neno kwa neno."

Mama yule akaanza kusoma.